Mti Mlangoni kwa Madamu

Juzi nilikwenda dukani kutafuta sabuni ya kusafishia sakafu. Nyumba yetu ilikuwa imepokea watu wengi juma zima, na sebule ilikuwa imebeba udongo wa viatu vya nusu ya Kalemie. Muuzaji akanishushia chupa ya kijani iliyokuja na boti kutoka Kigoma, yenye picha ya mti mwembamba uliochongoka juu. "Hii iko mupya, Mama. Nusa tu," akasema. Nikafungua kifuniko, nikanusa. Sitanii. Mwanamke mzima, mwenye watoto watatu na sauti ambayo mtaa mzima unaijua, nikashika meza ya duka kwa mikono miwili.

"Mama, sabuni njo imekulewesha?" muuzaji akacheka.

Nikacheka naye ili yaishe. Ningemweleza nini? Kwamba harufu ile wengine wanaiita usafi na mimi naijua kuwa ni harufu ya kifo, kwa sababu niliwahi kukiburuta kifo chenyewe kwa mikono hii, katika mji wa Brussels, nikiwa na soksi tu miguuni? Nilirudisha kifuniko, nikachukua sabuni ya kipande, nikaenda zangu. Lakini harufu imenifuata mpaka nyumbani, na naona afadhali niiandike.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa na uvimbe shingoni. Mwanzoni aliufunika kwa kitambaa na hakuna aliyeuona, kisha ukakua mpaka ukaanza kumbana koo. Alipolala tulisikia pumzi yake kutoka chumba cha pili. Sauti yake, ambayo zamani ilinifikia popote nilipojificha nisitumwe maji, ikawa ya kukwaruza, halafu ikabaki ya kunong'ona. Madaktari wa Kalemie walisema hawawezi, wa Lubumbashi wakasema wanaogopa. Ndipo mdogo wake, Mama Mudogo Anto, aliyekuwa akiishi Brussels miaka mingi na kufanya kazi ya kusafisha maofisi, akaanza kuhangaika na karatasi. Karatasi zilichukua karibu mwaka. Nami nilikuwemo ndani ya karatasi hizo, na hilo lilikuwa shauri la Papa.

Papa alikuwa mtu wa reli, mwenye maneno machache. Asubuhi ya kuondoka aliniita nyuma ya nyumba, akachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana.

"Feza, kazi yako iko moya tu," alisema. "Utanirudishia mama yako. Muntu mugonjwa akiona mutoto wake pembeni, anakumbuka kurudi."

"Ndiyo, Papa."

"Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Mtu mzima husema maneno ya namna hiyo na kuyasahau kabla ya bukari, ugali wetu wa jioni. Mimi niliyameza yote. Nilipanda ndege nikijua kwamba uhai wa Mama uko mikononi mwangu, na daktari ni msaidizi tu.

Tulifika siku chache baada ya mwaka mpya. Mama Mudogo alitungojea na makoti mawili mikononi. "Vaa, vaa upesi, baridi ya huku haina muchezo," akasema, na mlango wa kioo ukafunguka wenyewe, hewa ikanipiga kifuani mpaka nikasahau kupumua. Watu wa Kalemie mpaka leo hawaniamini nikiwaambia kwamba theluji sikuiona. Haikuanguka. Kulikuwa na baridi kavu, mvua nyembamba, na mchana unaokwisha kabla watoto hawajatoka shule. Jua lilitokea siku mojamoja, nalo lilikuwa la kutazamwa tu.

Kilichonitisha hakikuwa baridi. Watu wote walikuwa wamevaa nyeusi. Makoti meusi, viatu vyeusi, kofia nyeusi, wamenyamaza ndani ya tramu wakitazama miguu yao, na hakuna aliyemsalimu mwenzake. Miti ya barabarani nayo ilikuwa imekufa. Yote! Imekauka ikiwa imesimama, na hakuna aliyeikata kuni. Kwetu mti ukikauka hivyo haumalizi wiki. Nikamuuliza Mama Mudogo ni nani aliyekufa.

"Alikufa wapi? Bazungu beko vile," akanijibu. "Tembea, mutoto, tutachelewa."

Sikuridhika hata kidogo. Mtoto anayetoka kwetu anajua kuitambua nyumba ya msiba. Kalemie mtu akifa, vijana wa mtaa hukata matawi ya mchikichi na kuyaweka barabarani mbele ya nyumba yake. Hakuna haja ya kuuliza. Mwenye pikipiki anapunguza mwendo, mwenye redio anaizima, na mpita njia anajua kwamba pale pana kilio. Niliyajua matawi yale kabla ya kujua kusoma. Nilikuwa nimeyaona kwa babu yangu, kwa mwalimu wetu wa darasa la kwanza, na kwa mtoto wa jirani aliyezama mtoni Lukuga. Na kuna jambo la pili ambalo kila mtu kwetu analijua: habari ya kifo hapewi mtu aliyesimama. Wanamwambia, "Kaa kwanza," na wanawake wawili wanaketi kushoto na kulia kwake, ili akianguka wamshike. Kwa hiyo mtu akikuambia kwa sauti ya upole kwamba ukae kwanza, moyo wako unakuwa umeshajua.

Nyumba ya Mama Mudogo ilikuwa ndefu, yenye familia nne, kila moja na ghorofa yake, na mlango mmoja wa kutokea barabarani. Nyumba ya pembeni ilikuwa na mlango wa bluu. Ndani yake aliishi bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba, ambaye Mama Mudogo alimwita Madamu. Huyo ndiye mtu pekee wa mtaa ule aliyenisalimu. Siku ya pili aliniona nimeficha mikono kwapani, akaingia ndani, akatoka na glavu nyekundu za sufu, ndogo, labda za mjukuu wake. Akanivisha mwenyewe, kidole kwa kidole, huku akiongea Kifaransa chake cha upesi ambacho hakikufanana na cha mwalimu wetu.

Siku ya tatu tulimpeleka Mama hospitalini kwa teksi. Mimi na yeye tulikaa nyuma, Mama upande wa dirisha. Hapo ndipo nilipouona wa kwanza. Ulikuwa mti mdogo wa kijani, umekatwa chini, umelazwa kando ya barabara mbele ya mlango wa nyumba ya watu. Nyumba mbili mbele, mwingine. Kona ilipofika, mitatu imelala pamoja, na nikawaza, hapa wamekufa watatu. Mama alikuwa akitazama nje. Alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulizidi kunibana hadi kidole kikaniuma. Nilidhani koo linamsumbua.

Walimbakiza hospitalini. Kila mchana Mama Mudogo alinichukua kwenda kumwona, kwa miguu, mwendo wa kama nusu saa, na kila siku miti ilikuwa imeongezeka. Nilijaribu kuelewa. Mbona hakuna viti nje? Mbona hakuna moto, hakuna wimbo, hakuna mwanamke hata mmoja aliyefungua kilemba akalia? Nikajijibu kwamba kwa baridi ile hakuna anayeweza kulia nje, machozi yangemgandia usoni, kwa hiyo wanalilia ndani na madirisha yamefungwa. Na wale wenye makoti meusi ndio wafiwa, wanatoka kununua mkate na kurudi. Maelezo yangu yalikamilika vizuri mno. Mji ulikuwa unakwisha, nyumba kwa nyumba, na sisi tulikuwa tumemleta mgonjwa wetu katikati yake.

"We mutoto, unahesabuka nini?" Mama Mudogo aliniuliza siku moja, aliponiona nikinyoosha kidole.

"Hakuna kitu, Mama Mudogo."

Mtoto kwetu hamuulizi mkubwa habari za kifo. Isitoshe, yeye aliipita ile miti bila kupunguza mwendo, bila kushusha sauti ya simu yake, na hilo lilinionyesha kwamba kuna kitu ananificha. Nikaanza kumwogopa. Akisema, "Kaa ule," nilitetemeka. Akisema, "Kaa nikusuke," nilitetemeka. Alikuwa mama mwema, Mama Mudogo Anto, mwenye vicheko na mikono ya moto, na hakuelewa kwa nini mtoto wa dada yake anakula akiwa amesimama dirishani.

Ilikuwa dirishani hapo hapo, asubuhi ya siku ya saba au ya nane, nilipoangalia chini nikaona mti mlangoni kwetu.

Ulikuwa umeegemezwa ukutani, kando kabisa ya mlango wa barabarani, mkubwa kunishinda. Jana yake haukuwepo. Nyuma yangu Mama Mudogo alikuwa anaongea na simu, kwa Kifaransa, na katikati ya Kifaransa hicho nilisikia jina la Mama. Akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, asante daktari. Kisha akafunika simu kwa kiganja, akanitazama, na sauti yake ilikuwa ya upole.

"Feza, kuya hapa. Kaa kwanza, nimalize simu, niko na kitu ya kukuambia."

Sikukaa. Nilitoka mbio. Nilishuka ngazi na soksi, bila koti, na kitu kimoja tu kichwani: bado hajaniambia. Kama hajaniambia, bado halijawa. Nikafungua mlango, nikaukumbatia ule mti, nikavuta. Majani yake yalikuwa sindano. Yalinichoma shingoni na ndani ya mikono ya nguo, na ile harufu ikanijaa puani na mdomoni, kali, baridi, ya utomvu. Sikuwa na hakika niupeleke wapi. Ningependa kusema kwamba niliupeleka kwa Madamu kwa sababu mlango wake ndio uliokuwa karibu na mti ulikuwa mzito. Hiyo ni kweli. Lakini niliwaza pia kwamba Madamu ni mzee, na Mama si mzee. Niliwaza hivyo kwa maneno hayo hayo, wazi kabisa, huku nikivuta. Nikauacha mbele ya mlango wa bluu, nikarudi juu nikihema.

"Ulienda wapi bila viatu? We uko na kichwa kweli?" Mama Mudogo alifoka, akanivuta karibu na chuma cha joto, akanisugua miguu. "Nilitaka kukuambia, batamupasua mama yako kesho asubuhi. Daktari amesema beko tayari."

Kesho. Kwa hiyo alikuwa hai. Nilikuwa nimewahi. Nilicheka kwa furaha mpaka Mama Mudogo akanigusa paji la uso kuangalia kama nina homa, na kwa muda wa kama saa moja nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote katika mji ule.

Kisha nikamwona Madamu. Tulikuwa tunatoka kwenda hospitalini, na yeye alifungua mlango wake, akaukuta mti. Akautazama. Akatikisa kichwa kidogo, akauzunguka taratibu akishika ukuta, na alipotuona akanyoosha mkono akaigusa glavu yangu nyekundu, akatabasamu. Nilianza kulia pale pale. Mama Mudogo alidhani ni baridi, akanifunga skafu mpaka puani. Nililia njia nzima ndani ya skafu hiyo.

Mama alikuwa amelala kwa kuinuka, mito mitatu mgongoni, maana chali hakuweza tena kupumua. Mama Mudogo aliitwa na muuguzi kwenda kutia sahihi karatasi nyingine, tukabaki wawili. Mama akaniangalia.

"Ulilia," alinong'ona. "Nani alikupiga?"

"Hakuna."

"Feza."

Nikamwambia yote. Nilimwambia juu ya matawi ya mji mzima, juu ya mti uliokuja mlangoni kwetu, na jinsi nilivyouburuta. Nilingoja anicheke, au anipige, na ningeshukuru kimoja kati ya hivyo viwili. Hakufanya lolote. Alifumba macho, na niliisikia pumzi yake ikipita kwa shida mle kooni.

"Uliutia kwa mulango ya nani?"

"Kwa Madamu."

"Ule alikupatia glavu?"

"Njo yeye."

Akafumbua macho. "Utaenda kuutoa. Leo hii, ukifika tu. Utaurudisha pa mulango ya kwetu."

"Mama, hapana! Papa alisema…"

"Sikiya." Alinishika kidevu, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka. "Ule mama naye iko na batoto benye kumungoya. Mi sitaki kupona na kifo ya muntu mwingine. Unaelewa? Utaurudisha. Na usimwambie Mama Mudogo, ataogopa bure."

"Na we, Mama?"

"Mi nitaangaliana na Mungu. Kwenda kwa dirisha, upanguse macho, Mama Mudogo anarudi."

Tulirudi na giza likiwa tayari limeingia, ingawa saa ya Mama Mudogo ilionyesha saa kumi na moja tu za jioni. Nilimwambia nimeangusha glavu nje, akatangulia juu na mifuko. Mti ulikuwa bado pale. Nimefanya mambo mengi ya hofu maishani. Nimezaa watoto wangu wakati wa bunduki, nimevuka ziwa kwenye tufani na boti inayovuja. Hakuna hofu iliyofikia ile. Asubuhi niliuvuta mti ule kwa mbio, jioni niliuvuta hatua moja moja, kwa sababu safari hii nilijua ninaupeleka kwa nani. Kila hatua nilimwomba Papa msamaha. Nilifika, nikauegemeza ukutani kama nilivyoukuta, nikarudi kinyumenyume.

Mlango wa bluu ukafunguka. Madamu alikuwa amenitazama kupitia pazia muda wote, na alikuwa anacheka kwa furaha. Alidhani mtoto mwema ameona mti umeziba njia ya bibi kizee na kuamua kuuondoa. Akaniambia asante, asante, akanitia mfukoni kipande kizima cha chokoleti. Sikukila. Nilikiweka chini ya mto, na usingizi haukuja.

Kesho yake tuliketi kwenye korido ya hospitali. Tuseme Mama Mudogo aliketi. Mimi nilisimama. Alinivuta nikae, nikang'ang'ania mgongo wa kiti. Nilikuwa nimeamua: nisipokaa, hawawezi kuniambia. Wazungu walipita na viatu vyao visivyo na sauti, saa ikasogea, miguu ikaanza kuniwaka moto, nikaendelea kusimama. Mama Mudogo alishika rozari, midomo ikimcheza. Muda mrefu sana ulipita. Kisha daktari akatoka, amejifunika nywele kwa kofia ya kijani, akamwita Mama Mudogo pembeni. Waliongea. Nikamwona Mama Mudogo anaweka mkono mdomoni. Nikamwona mabega yake yanatikisika. Alipogeuka machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Feza," akasema. "Kaa, mwanangu. Kaa kwanza."

Nilipiga kelele. Niliziba masikio, nikafumba macho, nikarudi nyuma mpaka ukuta ukanizuia, na nilikuwa napiga kelele kwa Kiswahili katika korido ile nyeupe, "Sikai! Sikai! Sikai!" Mama Mudogo alipiga magoti sakafuni akanikamata mikono, akaitoa masikioni kwa nguvu, na maneno yake yakaingia kabla sijaweza kuyazuia.

"Amepona! Feza, mama yako amepona! Nilisema ukae kwa sababu tutangoya kidogo mpaka aamuke!"

Ndipo nikakaa. Nilikaa chini, sakafuni, na kwa aibu yangu nikajikojolea, na muuguzi mmoja akaniletea suruali ya mtoto mwingine.

Siku mbili baadaye gari kubwa la takataka lilipita mtaani. Nilikuwa dirishani. Wanaume wawili waliruka chini, wakaokota mti mlangoni kwetu, wakaurusha nyuma ya gari huku wakitaniana, wakaokota wa nyumba ya tatu, wakaurusha. Nilimwita Mama Mudogo kwa hofu aje aone wanachowafanyia marehemu. Akaja na unga wa bukari mikononi, akaangalia.

"Ile? Si ni sapen, muti ya Noeli? Banapambaka mu nyumba, sikukuu ikiisha banatupa inje. Ile ya kwetu ni ya ule kijana wa juu." Akarudi jikoni.

Nilihisi hasira kwanza, halafu upumbavu, halafu hasira tena. Miti ile haikuwa ya msiba wowote. Ilikuwa takataka, na mimi nilikuwa nimekufa mara tano kwa ajili yake. Nilikula ile chokoleti yote kwa mara moja, kwa ukali.

Tulirudi Kalemie miezi miwili baadaye, Mama na kovu lake lililozunguka shingo, na sauti iliyorudi nusu. Kwenye uwanja wa ndege Papa alimwangalia Mama, kisha akaniangalia mimi, akanivua kofia akanipapasa kichwa. "Umefanya kazi," alisema, basi. Sikumweleza ilivyokuwa kazi yenyewe. Habari ile tuliijua watu wawili tu, na hatukuizungumza.

Tuliizungumza mara moja. Nilikuwa nimeshaolewa, nimekuja kumsalimia, tumekaa uani tunachambua ndakala, dagaa wa ziwa letu, tukitupa mawe madogo upande mmoja na samaki upande wa pili. Sijui ni nini kilichonisukuma. Nikaanza kucheka, nikamwambia, "Mama, unakumbuka ule muti? Mbona siku ile hukuniambia tu kama ni muti ya Noeli? Ungeniponya roho."

Mikono yake haikusimama. "Ningekuambia nini? Mi mwenyewe nilikuwa sijui."

"Hukujua?"

"Nitajua wapi? Siku ya teksi, niliona ile majani kwa kila nyumba. Nilihesabu kumi na moya, nikaacha. Nikasema, bantu banaisha huku, na mi niko nyuma yabo." Akachukua ndakala mwingine. "Anto njo alinielezea, nikisha kupasuliwa. Nilicheka mpaka nyuzi zikaniuma."

Nikabaki na samaki mkononi. Nilikumbuka vidole vyake vilivyotetemeka kidevuni kwangu. Miaka yote ile nilidhani alikuwa ananifundisha adabu, mtu mzima anayejua kwamba mti ni mti tu. Kumbe alikuwa na miaka thelathini na kitu, amelala na mito mitatu, anangoja kisu, na aliamini kila nilichoamini. Akamwambia mtoto wake akakirudishe kifo mlangoni kwetu. Nilimwita, "Mama." Yeye akaniambia nichambue, jua linaondoka.

Wale watu waliojaza nyumba yetu juma zima, ambao kwa ajili yao nilikwenda kununua sabuni, walikuja kumlilia. Mama amefariki, kitandani kwake, mzee, kovu likiwa limepotea katika mikunjo ya shingo. Mimi sikuambiwa nikae kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimemshika mkono. Vijana wa mtaa walikata matawi ya mchikichi, wakayaweka barabarani mbele ya lango letu.

Asubuhi ya tatu ya kilio nilitoka mapema kuchota maji ya waombolezaji. Upepo wa ziwa ulikuwa umevuma, na tawi moja lilikuwa limesogea, limevuka barabara, limelala mlangoni kwa jirani yetu. Ni mama kijana, ana watoto wanne. Wote walikuwa bado wamelala. Niliweka ndoo chini, nikavuka, nikaliokota lile tawi. Nikalirudisha kwetu.